Makoa wakubwa wa msituni: siku sita kutoka Kibale hadi Semuliki

Siku ya 1, Jumatatu. Kampala – Fort Portal

Koa ni konokono ambaye mababu zake waliachana na gamba kidogo kidogo, mpaka likabaki kijibamba kilichofunikwa na ngozi au likatoweka kabisa. Faida anaiona kila siku. Anapenya chini ya gome ambako konokono mwenye gamba hapiti, na kwa kuwa hahitaji chokaa nyingi, anaishi hata kwenye udongo uliosuuzwa na mvua miaka na miaka. Gharama yake ni maji. Zaidi ya robo tatu ya mwili wake ni maji, na hana kifuniko cha kuyazuia yasimtoke. Ndiyo sababu safari imewekwa Novemba, katikati ya mvua za pili za mwaka, na ndiyo sababu ratiba yote inafuata unyevu kwanza, ramani baadaye.

Kwa njia ya Mubende ni karibu kilomita 300. Ukiondoka Kampala alfajiri unafika mchana, na jioni inabaki ya kupanga vifaa upya. Kila mtu ana tochi ya kichwani na nyingine ya akiba, betri za kutosha usiku tatu, na kipande cha plastiki nyekundu cha kufunika kioo cha tochi. Kikundi kina kipimajoto chenye kipimaunyevu, rula ya sentimita 30, mizani inayosoma hadi gramu 0.1, vijisanduku 20 vya plastiki angavu vya nusu lita, tishu zisizo na manukato, glavu, na kamba ya mita 80 yenye fundo kila mita 20 ili kupima mraba wa mita 20 kwa 20 bila kubishana. Maandishi yote ni ya penseli. Wino ukikutana na ute au spiriti unatawanyika, na koa asiye na lebo hana thamani kwa mtafiti.

Chumvi ya chakula ifungwe mbali na vijisanduku. Punje chache zikimgusa koa zinamvuta maji kupitia ngozi kwa haraka kuliko anavyoweza kuyarudisha, naye anamwaga ute wote alionao akijaribu kujiokoa. Ni kifo kibaya, na hakuna sababu ya kumfikisha mnyama huko kwa uzembe wa kufungasha.

Vibali vishughulikiwe kabla ya kuondoka Kampala, si getini. Anayekuja kutazama anahitaji kiingilio na askari wa hifadhi tu. Anayetaka kuchukua hata koa mmoja anahitaji ruhusa ya utafiti ya Uganda Wildlife Authority na ile ya Uganda National Council for Science and Technology, zote mbili, na zinachukua muda.

Siku ya 2, Jumanne. Kanyawara, msitu wa Kibale

Kanyawara, penye kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Makerere, iko kwenye kimo cha karibu mita 1,500. Baridi ya usiku ni nyepesi, ukungu unakaa bondeni mpaka jua lipande, na sakafu ya msitu haikauki kirahisi. Kwa koa hii ni nchi njema.

Mchana hatafutwi njiani. Yuko kwenye maficho, na maficho mazuri yana alama tatu: giza, ubaridi, na kitu kinachooza. Anza na magogo. Gogo ambalo bado ni gumu halina kitu, na lililogeuka unga halina kitu pia. Linalofaa ni la katikati, ambalo gome limeachana na mti kwa upana wa kidole na ukibonyeza kwa kidole gumba linabonyea kidogo. Fungua gome kwa mkono polepole, tazama, kisha lirudishe kama lilivyokuwa na uligandamize. Gome lililong'olewa na kutupwa hukauka, na maficho yaliyochukua miaka kutengenezeka yanakwisha kwa dakika moja. Gogo la kubingirisha libingirishwe kukuelekea wewe, ili kama kuna nyoka upande wa pili atokee mbali na miguu yako.

Baada ya magogo, tazama makunjo ya mizizi ya mitini mikubwa, makwapa ya majani mapana, na kinyesi cha tembo cha siku kadhaa ambacho kimeanza kuota uyoga. Hapo askari wa hifadhi anasikilizwa kuliko mtu yeyote. Penye kinyesi kibichi, kundi linarudi nyuma na hakuna majadiliano.

Wengi hukosea kwa kuchekecha majani. Kwa konokono wadogo wenye gamba, kuchukua lita nne au tano za majani yaliyooza na kuyachekecha ni njia nzuri. Kwa makoa haifai. Koa akitikiswa anajikunja, ute wake unashika jani, na anabaki juu ya chekecheke akifanana na kipande cha tope. Daftari likionyesha konokono 60 na koa sifuri baada ya kazi ya chekecheke peke yake, tatizo ni chekecheke. Makoa wanahesabiwa kwa macho na kwa muda: mtu mmoja, saa moja, mraba mmoja, na saa inaandikwa.

Usiku ndio wenyewe. Saa 1:30 jioni giza limekamilika. Kutoka saa 2 hadi saa 5 ni muda bora, hasa kama mvua imenyesha alasiri na ikakatika. Mvua kubwa ikiwa bado inapiga, makoa wengi hubaki walipo, maana matone yanawabandua shinani. Upepo ni mbaya kuliko mvua, kwa kuwa unakausha. Kipimaunyevu kikiwa juu ya asilimia 90 na hakuna upepo, tembea. Kikishuka chini ya 80, rudi ulale, labda uangalie kando ya kijito tu.

Tembea hatua moja, simama, angaza kutoka shinani kwenda juu mpaka urefu wa mikono yako miwili. Mwanga uwe wa ubavu, usielekezwe moja kwa moja kwenye gome: ukiuweka sambamba na mti, njia ya ute inang'aa kama uzi wa fedha. Njia inayong'aa ikiwa na majimaji ni ya sasa hivi. Iliyokauka ikawa kama karatasi ya nailoni ni ya jana. Ukipata ya sasa hivi, ifuate. Karibu nayo mara nyingi utaona alama nyingine ambayo wengi huipita: utando wa kijani wa mwani kwenye gome umekwanguliwa kwa mistari mifupi inayopinda kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama shamba lililolimwa kwa jembe dogo sana. Hiyo ni kazi ya radula, ulimi wenye maelfu ya vijimeno. Koa anapeleka kichwa upande huu na ule huku akikwangua, na mistari inaandika mwendo wa shingo yake.

Akishapatikana, zima taa nyeupe. Kwa taa nyekundu anaendelea na shughuli zake, na hapo ndipo unaona anachokula. Wengi wa makoa hawa wa msituni hula uyoga, mwani, kuvumwani na majani yaliyoanza kuoza, na majani mabichi ni sehemu ndogo tu. Sifa ya uharibifu wa mazao wamepewa kwa makosa ya ndugu zao wachache.

Mwambie askari wa hifadhi: "Afande, subiri kidogo, anageuka." Dakika kumi za kusimama hivyo zina faida kuliko saa nzima ya kutembea.

Siku ya 3, Jumatano. Mezani

Asubuhi ni ya kupima. Vijisanduku vilikaa usiku kucha kivulini, kila kimoja na koa mmoja, tishu iliyoloweshwa kwa maji ya mto na kukamuliwa, na kipande cha gome alikotolewa. Tishu isiyokamuliwa ni kosa la kawaida: maji yakituama chini, koa anavimba, anapoteza nguvu na anaweza kufa kabla ya saa 6 mchana. Kijisanduku kisichofunikwa ni kosa la pili. Koa wa sentimita 8 anapita kwenye upenyo ambao ungeapa hapiti hata jongoo.

Urefu unapimwa akitambaa, si akiwa amejikunja. Mmoja wa leo alisoma sentimita 5 juu ya meza, na dakika chache baadaye sentimita 9 akiwa ananyoosha shingo kwenye rula. Pima mara tatu, andika zote tatu. Uzito nao unategemea alivyokunywa; mfute kwa tishu mara moja, mpime, andika saa.

Sasa kiinue kijisanduku juu, umtazame koa kwa chini kupitia plastiki. Wayo wa koa ni msuli mmoja mrefu, na juu yake kunapita mikanda myeusi myembamba, mmoja nyuma ya mwingine, ikianzia mkiani kwenda kichwani. Kila mkanda ni sehemu ya msuli iliyoinuka kidogo na kusogea mbele. Sehemu zilizobaki zimeshika. Hakuna hatua inayoonekana kwa juu, lakini kwa chini ni mawimbi yasiyokatika. Ute wa wayo ndio unaofanya hili liwezekane: ukikandamizwa pole unashika kama gundi, ukisukumwa kwa nguvu unalegea kama majimaji. Ule wa mgongoni ni mwingine, mzito na wa kunata, nao ni silaha. Mguse kwa nguvu uone vidole vyako.

Makoa wakubwa wa huku wengi ni wa familia ya Urocyclidae, ambayo ni ya Afrika. Alama ya kuwatambua iko mkiani: kijitundu cha ute juu ya ncha ya mkia, na mara nyingi kijipembe kidogo kinachoning'inia juu yake. Mbele, nyuma ya kichwa, kuna joho, ngao ya ngozi inayofunika viungo, na ndani yake hukaa mabaki ya gamba. Upande wa kulia wa joho kuna tundu la kupumulia. Litazame likifunguka na kufumba bila mpango maalumu. Koa anayekauka hulifunga muda mrefu, kwa kuwa kila pumzi inamtoa maji. Damu yake ina shaba badala ya chuma, kwa hiyo ikipata hewa inaelekea buluu.

Kila koa ni dume na jike. Wanapopandana hubadilishana mbegu, na baadhi ya Urocyclidae wana mishale midogo ya kumchomea mwenzi katika uchumba. Mtaalamu Mjerumani Heinrich Simroth, aliyewapa majina wengi wa makoa hawa mwishoni mwa karne ya 19, aliita jenasi moja Trichotoxon na nyingine Atoxon. Toxon ni upinde kwa Kigiriki, na Atoxon ni yule asiye nao.

Rangi isiaminiwe. Katika spishi moja utapata mwenye mistari, mwenye madoa na mwenye rangi moja ya tope, na spishi mbili tofauti zinaweza kuvaa mistari ileile. Utambuzi wa uhakika unapatikana kwa kupasua na kuchunguza viungo vya uzazi, au kwa DNA. Picha nzuri ya mgongo pekee inaruhusu kuandika jina la familia, pengine jenasi, na hapo kalamu isimame. Hifadhi za data zimejaa majina ya spishi yaliyotolewa kwa picha za namna hiyo, na kuyasafisha ni kazi kubwa kuliko kukusanya upya.

Siku ya 4, Alhamisi. Bigodi

Fupi. Bigodi iko kando ya barabara ya Kamwenge, na bustani zake zinagusana na kinamasi na msitu. Koa wa hapa ni wa ukoo mwingine: Laevicaulis alte na jamaa zake wa Veronicellidae. Ni bapa kama jani nene la ngozi, mweusi au kahawia, mara nyingi na mstari mwembamba mweupe katikati ya mgongo. Hana joho la mbele, kwa sababu mgongo wote ni joho. Mgeuze: wayo ni ukanda mwembamba tu katikati ya tumbo. Njia ya haja iko nyuma kabisa. Gamba hana hata la ndani. Akijinyoosha anaweza kufika sentimita 12, na ngozi yake inavumilia ukavu kuliko makoa wa msituni, ndiyo maana anamudu bustani.

Huyu kweli anakula miche. Wakulima wanaotoa nakati na dodo, mboga za majani, kwa ajili ya soko wanamwona asubuhi kwa matundu ya jani na ute uliokauka. Majivu yanayomwagwa kuzunguka tuta yanafanya kazi yakiwa makavu tu. Mvua moja ikipita yanakuwa uji na koa anapita juu yake. Kinachofanya kazi ni vipande vya boksi vilivyoloweshwa, nusu mita kwa nusu mita, vilazwe kati ya matuta jioni na kugeuzwa saa 12 asubuhi. Anakuwa amejificha chini yake. Tumia glavu au kijiti, na mboga zioshwe jani kwa jani: koa huyu anajulikana kuwa mbebaji wa mnyoo wa mapafu ya panya, Angiostrongylus cantonensis, ambao kwa binadamu unaweza kufika kwenye ubongo. Mtoto asimchezee. Sumu za madukani za kuua makoa nazo si salama. Zenye metaldehidi huua mbwa na kuku walioila.

Kwenye migomba hapo hapo kuna konokono wa gamba refu wenye michirizi, Limicolaria. Mwingereza D. F. Owen aliwachunguza nchini Uganda miaka ya 1960, akaona kwamba penye msongamano mkubwa wa konokono hawa rangi za magamba huwa nyingi zaidi.

Siku ya 5, Ijumaa. Sempaya, Semuliki

Kutoka Fort Portal barabara ya Bundibugyo inazunguka ncha ya kaskazini ya Rwenzori na kushuka bonde la ufa. Kwa saa moja na nusu unateremka kimo cha mita 800 hivi. Sokoni Kiswahili kinabadilika kuwa cha Kongo, na msitu nao unabadilika: huu ni ukingo wa Ituri, msitu mkubwa wa Kongo, ulioingia Uganda, chini ya mita 800, wenye miti mikubwa ya Cynometra, joto na hewa nzito.

Joto linageuza ratiba. Kanyawara koa anaweza kuonekana akitambaa saa 2 asubuhi siku ya mawingu. Hapa saa 1 asubuhi ameshaingia, na usiku anaanza kutoka saa 3. Pia anapanda. Sehemu za chini za Semuliki hujaa maji wakati wa mvua, na kutafuta chini ya magogo kwenye tope la kifundo cha mguu ni kupoteza muda. Anza kwenye kiuno cha mti na kwenda juu, kwenye makwapa ya matawi na majani ya mimea inayotambaa. Tochi yenye mwanga mrefu inahitajika hapa, na shingo itauma. Suruali ziingizwe ndani ya soksi: siafu hawaonekani usiku mpaka wameshapanda.

Usiku huu pia ni wa maadui wa koa. Konokono wa familia ya Streptaxidae, wenye mwili wa manjano au chungwa, ni wala nyama na hula konokono na makoa wengine. Mabuu ya vimulimuli nayo huwinda konokono na makoa. Ukiona nukta ya kijani ikiwaka chini bila kuruka, imulike, huenda buu yuko mezani. Milimani kuna nyoka mdogo wa kahawia, Duberria lutrix, asiye na madhara kwa mtu, ambaye chakula chake kikuu ni makoa na huwafuata kwa harufu ya njia ya ute.

Jina moja la kihistoria lisisahaulike ukiwa chini ya mlima huu. Msafara wa Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, uliopanda Rwenzori mwaka 1906 ulirudi na konokono na makoa, na Carlo Pollonera wa Torino akawaeleza kisayansi. Mmoja wao ni Gymnarion, konokono nusu-koa: gamba bado lipo mgongoni, jembamba kama ukucha, lakini mwili hauingii wote ndani yake. Ukimpata chini ya gome, mtazame vizuri. Njia ambayo makoa waliipita inaonekana kwake.

Siku ya 6, Jumamosi. Kuhifadhi na kurudi

Hatua hii inaharibu vielelezo vingi kuliko safari yote. Koa akitumbukizwa hai kwenye spiriti anajikunja kuwa kokoto, viungo vinaumana ndani, na hakuna atakayeweza kumpasua. Fanya hivi. Chemsha maji, yapoe kabisa ili hewa iliyomo iwe imetoka. Jaza chupa mpaka shingoni, mwingize koa, funika pasipo kuacha hata kiputo. Mwache saa 12 hadi 24 mahali pa baridi. Mguse pembe: kama bado inavutika ndani, hajawa tayari. Akilegea akiwa amenyooka, kata kipande cha ncha ya mkia, ukubwa wa punje ya mchele, kiweke kwenye spiriti ya asilimia 96 kwa ajili ya DNA. Kwenye Urocyclidae kata pembeni, usiguse kijitundu cha ute. Mwili uoshwe ute kwa brashi laini, uingie kwenye spiriti ya asilimia 75, ujazo wake mara kumi ya koa. Ukiacha joto la Semuliki lifanye kazi kwa saa 24 zote, ataoza. Huku saa 12 zinatosha.

Lebo iwe ndani ya chupa, si nje: tarehe, mahali, vipimo vya GPS, kimo, saa, alikuwa juu ya nini, rangi yake akiwa hai. Spiriti hufifisha rangi.

Ambao hawana kibali cha kuchukua wanarudisha makoa walikotolewa, kwenye gogo lilelile, jioni na si mchana. Wenye chupa wabadilishe spiriti kesho Jumapili wakifika Kampala, maana ya kwanza imeshachujuka kwa maji ya mwilini, kisha tena baada ya wiki.